Herufi Zinazopungua

Nyumbani kwa Mzee Mulinge,
Kalamba, Makueni.
Jumanne asubuhi.

Kwa mdogo wangu Mwau,

Pokea salamu zangu nyingi huko Kitui ulikojificha. Habari za siku nyingi? Natumaini mwenyeji wako bado anakulisha vizuri, kwa sababu mgeni akizidisha kukaa huanza kupimiwa ugali. Sisi huku tu wazima. Mvua ilituchezea mwaka huu, ikanyesha hadi mahindi yakatoa mbelewele halafu ikaenda zake, lakini mbaazi zimekubali, na bwawa letu la mchanga bado lina maji. Mbuzi mweusi wa baba amezaa mapacha. Kaburi la mama nimelipalilia na kulizungushia miiba ili ng'ombe wasilikanyage.

Na macho yako, je, hayajambo? Nauliza kwa sababu macho ni kitu cha kutunzwa. Ukiona herufi za barua hii zinapungua kadiri unavyosoma, usikimbilie kununua miwani. Mambo ni mengi na karatasi ni chache. Nakuomba uvumilie ufike mwisho, kwa maana jambo lako lenyewe nimeliweka huko.

Nimekuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu umeifungia. Nikipiga nasikia mlio mmoja halafu kimya. Basi nimechapa barua, na Shamso, yule anayeuza shuka na vitambaa pale Tawa, ameahidi kukufikishia mkononi atakapokwenda Kitui kuchukua bidhaa. Usimwulize amejuaje uliko. Mwanamke anayeuza shuka anajua kila nyumba inayolaza mgeni.

Baada ya salamu, nataka tuongee juu ya kompyuta.

Nimesikia unavyonisema. Umempigia mwenyekiti Ndolo ukamwambia kwamba ni mimi niliyekuharibia siku yako mbele ya wageni, kwamba nina wivu, kwamba mwanamke asiye na mume hana kazi ila kutibua mambo ya wenzake. Hilo la mume nitaliacha lipite. Hilo lingine nitakujibu, lakini taratibu, kwa sababu naona umeanza kusahau lilivyoanza, na mimi sijasahau hata kidogo.

Baba alikuwa mwandishi wa mwethya wetu, chama chetu cha kusaidiana kazi, kabla wewe na mimi hatujazaliwa. Kila siku ya kazi bwawani, aliyefika na jembe aliandikwa, na aliyekosa bila sababu alileta jogoo wa kuliwa na waliobeba mawe. Watu waligombana juu ya mawe, juu ya mchanga, juu ya nani atangulie kuteka maji wakati wa kiangazi. Hakuna aliyegombana na kalamu ya baba. Akishasema zamu ni ya fulani, watu waliinua mitungi yao wakapisha. Unajua hayo. Ulikula majogoo hao ukiwa mdogo.

Wahisani walipotuletea ile kompyuta, ofisi ya mwethya haikuwa na umeme, ikabidi ikae sebuleni kwa baba, imefunikwa kitambaa alichokishona mama kwa mkono. Siku za mkutano ilibebwa kwa wilbaro hadi uwanjani kama mgonjwa anayepelekwa kliniki, na umeme ukavutwa kwa waya kutoka dukani. Mimi ndiye niliyemfundisha baba kuitumia. Nilitoka Kwa Vonza, ambako nashinda nikichapia wanafunzi kazi zao, nikamwekea herufi kubwa, nene, nyeusi juu ya nyeupe, na kile kimshale cha maus nikakikuza hadi kikatosha kuonwa na mtu aliye mlangoni. Alidonoa kibodi kwa kidole kimoja kama kuku kwenye punje za wimbi, lakini aliandika, na alipomaliza aliniita nije nione jina la mama alivyolipanga katikati ya skrini.

Wewe wakati huo ulikuwa umemaliza kozi yako ya kompyuta Machakos, na ulikuwa umeanza kusikia utamu wa kuitwa mheshimiwa. Uchaguzi bado ulikuwa mbali, lakini mtu anayetaka wadi lazima awe na mahali pa kusimama aonekane. Kiti cha baba kilikuwa karibu. Ungemwomba angekupa, Mwau. Hilo ndilo linaloniuma. Mzee yule angekupa kiti na chai juu yake.

Hukuomba. Ulikuja baada ya Krismasi ukasema unaisafisha kompyuta. Ulifungua mipangilio ya skrini ukachagua ule ukubwa unaobana kila kitu hadi maneno yakawa madogo kama sisimizi. Ukashusha mwangaza. Maandishi ukayapaka kijivu, na badala ya mwandiko niliomwekea ukaweka ule wenye mikia mikia, wa kadi za harusi. Kisha siku ya mkutano uliisukuma wilbaro mwenyewe, kwa heshima nyingi, ukamvutia baba kiti, ukamwomba awasomee watu zamu za maji.

Mimi sikuwepo. Lakini nimesimuliwa na wengi, na wote huanzia mahali pamoja, kwenye mgongo wa baba. Aliinama. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akainama tena hadi pua ikagusa kioo. Watoto wakacheka. Mama mmoja akawafukuza. Baba akasoma jina la kwanza akakosea, akasoma la pili akamtaja mtu aliyekwisha kufa. Hapo ndipo wewe uliposimama ukasema kwa ile sauti yako ya huruma, "Wazee wetu wametumika sana jameni. Si tuwawache tu wapumzike?" Nao wakakupigia makofi. Walikupigia makofi na baba akiwa bado ameinama.

Kiti ukachukua. Sawa, viti huchukuliwa. Lakini ulimwacha mzee wetu akiamini kwamba macho yake yamekufa. Ulikaa naye meza moja, ukala muthokoi wake, ukimsikia akisema kwamba giza linakuja na kwamba hata babu yake alimaliza hivyo, na hukufungua mdomo. Aliacha kusoma somo kanisani. Biblia yake ya Kikamba alimpa jirani yetu Katunge, akasema ikae na mtu mwenye macho. Nilimsihi kwa simu twende kwa daktari, akanijibu hakuna haja ya kupanga foleni ili uambiwe unachokijua. Na wewe, mwenye hiyo siri, ukamkataza hata kuifunua ile kompyuta asije akaiharibu. Iko sebuleni kwake, chini ya kitambaa cha mke wake, halafu unamkataza.

Nilikuja Pasaka. Nilimkuta amekaa nje ameegemea ukuta, mikono juu ya magoti, mtu aliyejistaafisha na dunia. Nikamletea kiti, tukaongea habari za mvua. Katikati ya maneno akaniambia mbuzi wa Ndolo amekata kamba tena, anaelekea kwenye mbaazi za watu. Nikatazama. Mbuzi alikuwa ng'ambo ya korongo, mdogo kama kokoto, na kipande cha kamba kikining'inia shingoni. Nikajiuliza mtu aliyekufa macho ameionaje kamba.

Niliingia ndani nikafunua kitambaa. Mwau, kazi yangu ni skrini. Nilijua kabla hata kiti hakijapata joto. Nilifungua mipangilio nikaona kila ulichogusa, kimoja kimoja, na hakuna hata kimoja kinachotokea kwa bahati mbaya. Nilikuchukia. Naandika neno hilo leo nikiwa nimetulia, chai yangu iko karibu, na bado ndilo neno lenyewe. Ungempiga baba kofi mbele ya watu ningekuwa na hasira ndogo kuliko ile, kwa sababu kofi mtu anajua limetoka wapi.

Nikazirudisha herufi kubwa, nikamwita. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaribia. Nikamwambia asome tu kutoka hapo alipo. Akasoma. Alisoma jina la Ndolo, la Katunge, lake mwenyewe, akafika kwenye jina la mama ambalo hukulifuta. Kisha akaniuliza kama kompyuta inaweza kujibadilisha yenyewe. Nikasema haiwezi. Akauliza kama pengine ni umeme, maana umeme wa huku una wazimu. Nikasema si umeme. Alikuwa anakutafutia mlango wa kutokea, Mwau, na mimi nikaufunga, kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumpa. Alichukua fimbo yake akaenda kwa mbuzi.

Nilizirejesha herufi zako ndogo vilevile ulivyoziacha ili usishuku kitu. Kisha nikaanza kuingojea siku ya wageni waliokuwa wakija kuliona bwawa.

Na siku hiyo ilikuja, na sitakudanganya, nimeikumbuka kila asubuhi tangu hapo, nikiwa nachemsha maji. Ulivaa suti. Ulikuwa umewaambia watu wote kwamba mwandishi mpya ataonyesha wageni taarifa ya bwawa kwa njia ya kisasa. Viti vya plastiki vilipangwa, wageni wakakaa mbele na chupa zao za maji, Ndolo akaomba sala ndefu. Ukawasha. Maneno yakatokea kichwa chini, miguu juu.

Ulibonyeza hiki ukabonyeza kile. Ukazima ukawasha, yakarudi vilevile. Ukaanza kupinda shingo. Jasho lilikuwa limeshuka hadi kwenye kola, na wageni nao wakaanza kupinda shingo kidogo, kwa adabu, ili wakusaidie. Ndipo Ndolo, mtu mwema ambaye hajui hata kuwasha redio, alipokuambia, "Kijana, si ugeuze tu hiyo kitu." Na wewe, mwenye cheti cha Machakos, ukaigeuza. Uliinua skrini nzimanzima ukaisimamisha kwa kichwa chake, ukaiegemeza kwenye birika kubwa la chai. Watu wakasema aaa, kwa sababu sasa ilikuwa wima. Kisha wakatazama kilichoandikwa. Mkono, mkasi, kengele, fuvu, mkono tena, bomu. Taarifa nzima ilikuwa picha picha. Mmoja wa wageni aliuliza kwa upole kama hicho ndicho Kikamba cha zamani. Ukasogea uione vizuri, birika likateleza, waya ukachomoka, kioo kikawa cheusi, na uwanja wote ukaangua kicheko.

Nilikuwa karibu na sufuria za chai. Nilicheka hadi nikajishika kwenye meza. Ulinitazama, nami nikakutazama, ukajua. Au ulidhani umejua. Ulipita katikati ya viti na suti yako, hukumuaga mtu, na kufikia jioni tukasikia uko Kitui. Mkuki kwa nguruwe mtamu, mdogo wangu. Kiti hukukirudia, nao watu wamempa Katunge, ambaye kwanza alimrudishia baba Biblia yake na ndipo akakubali kukaa.

Sasa nikujibu. Hukukosea kudhani kwamba kuna mkono wa mtu wa nyumbani. Umekosea mkono. Si mimi niliyeigeuza skrini ile, wala si mimi niliyeweka mikasi na mafuvu.

Jioni ile ya Pasaka baba alirudi na mbuzi, akanawa, akakaa mbele ya kompyuta bila kuambiwa. Nilidhani ataniomba nimsemee kwa Ndolo arudishiwe kiti. Akasema kiti hakitaki, ameshakikalia vya kutosha. Akasema anataka nimfundishe jinsi ya kuiharibu. Nikamwambia apumzike, nitaifanya mimi, ni kazi ya dakika chache. Akakataa. Akasema aliyeinamishwa ni yeye.

Basi nilimfundisha, na kila nilipokuja kutoka Kwa Vonza tulifanya mazoezi. Kuna jambo pengine hawakukufundisha Machakos. Skrini ikishageuzwa, maus nayo hukimbia kinyume, ukiipeleka kulia inakwenda kushoto, na kompyuta hukuuliza kama umeridhika na mabadiliko. Usipowahi kubofya, inarudi yenyewe ilivyokuwa. Baba alishindwa mara nyingi. Mshale ulimtoroka, muda ukaisha, skrini ikajirudia, naye akapiga meza kwa kiganja akasema tena. Wewe wakati huo ulikuwa kwenye matanga ya watu usiowajua, ukilia na kugawa namba yako ya simu. Nilimsikia baba akicheka peke yake sebuleni, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tulipomzika mama. Mafuvu aliyachagua mwenyewe. Nilimwonyesha miandiko mingi, ya maua na ya vikaragosi, akapita yote hadi akafika kwa ile ya picha akasema hii hapa, hii ndiyo sauti ya Mwau.

Siku ile ya wageni alikuwa ameketi nyuma kabisa, kofia juu ya magoti. Hukumtazama hata mara moja. Yeye alikutazama wewe tu, na hakucheka. Nilimuuliza baadaye kama imemtosha. Akasema bado.

Ndiyo sababu ya barua hii. Yuko hapa kando yangu sasa hivi, kwenye kile kiti chenye mguu uliofungwa kamba, anasoma kila neno ninaloliandika kabla sijamaliza kuliandika. Amenisahihisha mara kadhaa. Pale nilipoandika kwamba nilikuchukia, aliniambia niache palivyo. Na si mimi ninayeokoa karatasi. Ni yeye. Kila nikimaliza aya anaweka kidole kwenye skrini ananiambia, punguza tena kidogo. Hapa ulipofika, herufi ni zilezile za Januari ulizomwekea, udogo uleule, kijivu kilekile na mikia ileile. Alizikumbuka zote.

Sasa soma vizuri, maana hatarudia, na mimi sitapiga simu usiyoipokea.

Jumamosi hii, kabla jua halijakuwa kali, mwethya unakutana bwawani kuamua kama jina lako linabaki. Likifutwa unajua maana yake. Ile nyumba unayojenga Tawa utabeba matofali yake peke yako, kiangazi mke wako hatakuwa na zamu ya maji, na siku ukiwa na msiba jembe la kwanza utalishika wewe. Ndolo alitaka lifutwe bila kuuliza. Baba ndiye aliyesimama akaomba usubiriwe. Usifurahi bado. Ameweka masharti. Uje na mbuzi wa kuchinjiwa watu, umchague mwenyewe, asiwe mgonjwa. Kisha kompyuta itabebwa kwa wilbaro hadi bwawani, wewe ukisukuma, umeme utavutwa kwa waya kama kawaida, na utaketi mbele ya watu usome majina ya wote waliobeba mawe ya bwawa lile, walio hai na waliokufa, katika herufi hizihizi. Hutazikuza. Hakuna atakayekusaidia. Ukimaliza jina la mwisho, yameisha, na baba atakaa na wewe ale nyama. Usipokuja, atanyamaza, na Katunge atafuta.

Nilimwambia baba kwamba si haki kuweka jambo zito hivi chini kabisa, mahali ambapo mtu anaweza kuchoka asifike. Akasema yeye hakupewa hata barua.

Msalimie mwenyeji wako na mkewe, uwashukuru kwa niaba yetu kwa chakula wanachokupa. Shamso atapita tena Alhamisi akirudi Tawa, ukiwa na jibu mpe, na ukikosa jibu mpe begi lako akutangulizie. Mapacha wa mbuzi mweusi wanakungoja uwape majina, kama zamani. Mungu akulinde njiani ukiamua kuwa na njia.

Ni mimi dada yako,
Nzisa.

Baba ameuliza kama nina hakika utafika kwenye mstari huu. Nimemwambia utafika. Basi ananituma nikuulize swali moja tu, lijibu hapohapo ulipo, hahitaji kulisikia jibu. Pua yako iko wapi sasa hivi?